TAHARIRI: Kabla ya kujisifia 4K, jiulize video itatazamwa wapi

Pita siku yoyote kwenye steji za Umoja, Kayole au Dandora, usome mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima. Katikati ya matangazo ya nyumba za kupanga na mafundi wa dishi, hutakosa la kijana anayepiga video. Harusi, ruracio, mazishi, sherehe za kuhitimu, video za muziki, zote anafanya. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko hata nambari yake ya simu: "TUNASHUTI 4K".

Hatuna ubaya na bango hilo. Kijana anatafuta riziki, na kamera ni jembe kama jembe lingine lolote. Shida yetu ni kwamba hiyo 4K imegeuka kuwa cheo. Asiyekuwa nayo anaonekana fala, na aliye nayo anadhani kazi imeisha. Wateja nao wameshikilia neno hilo hilo. Mama wa bibi harusi hajui pikseli ni mnyama gani, lakini ataingia ukumbini na kuuliza, "Kijana wangu, hiyo ni 4K?" Akijibiwa ndiyo, anarudi kukaa akiwa ametulia.

Mmoja wetu katika meza hii alikuwa kwenye harusi ya jamaa yake huko Donholm. Mpiga video, kijana mwenye bidii tu, alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Alichukua bibi harusi akipambwa, viatu vikiwa juu ya kitanda, wasimamizi wakicheza kwenye ngazi za ploti, msafara wa magari hadi kanisani. Yote kwa 4K. Pasta alipowaita maharusi mbele wale viapo, kamera ikaandika kwamba kadi imejaa. Kadi ya pili ilikuwa imejaa pia. Kijana wa watu akapiga magoti nyuma ya kiti, akaanza kufuta klipu za viatu mojamoja huku jasho likimtoka. Alipomaliza, pete zilikuwa zimeshaingia vidoleni.

Wiki tatu baadaye familia ilipopewa video, mama hakuuliza kama picha ni kali. Aliuliza, "Na mahali wanaapa pako wapi?" Salio halikulipwa. Na pale mtaani, habari ya aina hiyo inatembea kuliko bango.

Hiyo ndiyo sababu tumeona tuandike kuhusu jambo hili. Kazi ya video imewapa vijana wengi wa Eastlands njia ya kujilipia kodi. Wengi wamekopa kununua kamera. Kutoelewa namba moja iliyoandikwa kwenye boksi kunaweza kuwanyima kazi, na kuwanyima wateja kumbukumbu ambayo haitarudi.

Tuanze na namba yenyewe. Picha ya video ni kama kazi ya ushanga. Imetengenezwa kwa vinukta vidogo vyenye rangi, ndizo pikseli, vikipangwa kwa mistari. Video ya HD ya kawaida, ile ya 720, ina vinukta 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu. Full HD, au 1080, ina 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi kidogo ya vinukta milioni 2. Nayo 4K ya kamera zetu ni 3,840 kwa 2,160, karibu vinukta milioni 8.3. Kwa hivyo 4K ni Full HD nne zilizopangwa pamoja, mbili juu na mbili chini.

Shanga zikiwa nyingi, mapambo madogo yanaonekana vizuri. Hiyo ni kweli. Lakini shanga nyingi hazifanyi ubunifu mbaya uwe mzuri, na mtu akisimama mbali hawezi kuzihesabu. Jicho lina mpaka wake. Chukua televisheni ya inchi 32 ya Full HD. Mtu mwenye macho mazima akikaa zaidi ya mita moja na nusu kutoka kwenye skrini hiyo, hawezi tena kutenganisha kinukta kimoja na kingine. Kwa inchi 43, umbali huo ni karibu mita 1.7. Sasa fikiria keja ya ten-by-ten pale Pipeline: ukuta hadi ukuta ni kama mita tatu, televisheni upande huu, kitanda au kochi upande ule. Hata ukimletea mwenye nyumba 4K, jicho lake halitaona tofauti na Full HD iliyoshutiwa vizuri. Na televisheni nyingi za inchi 32 hata hiyo Full HD hazifikishi. Skrini zake ni vinukta 1,366 kwa 768.

Kwenye simu ndiyo kabisa. Na tuseme ukweli, video nyingi za mtaani huishia kwenye simu, tena kupitia WhatsApp. WhatsApp hubana video ndipo isafiri. Kwa miaka mingi video uliyotuma kwa njia ya kawaida ilikuwa ikifika na mistari kama 480 tu. Agosti 2023 wakaongeza chaguo la HD, nalo ni la 720. Kwa hivyo ile klipu ya 4K uliyoilipia kadi, chaji na usingizi, shangazi wa Kakamega aliipokea ikiwa ndogo kuliko Full HD. Kama unataka mteja apate faili kamili, itume kama dokumenti, ambapo WhatsApp inaruhusu hadi GB 2, au umpelekee kwa flashi.

Sasa gharama. Kamera nyingi za kisasa zinazopendwa na wapiga video hurekodi 4K kwa kasi ya megabiti 100 kila sekunde. Piga hesabu: hiyo ni MB 750 kwa dakika, GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 inajaa kwa dakika 85 hivi. Harusi ya saa sita inataka GB 270 kwa kamera moja tu, na kwa sababu lazima uwe na nakala ya pili, unahitaji zaidi ya GB 500 kabla hujagusa kazi ya wikendi ijayo. Kamera hiyo hiyo ukiiweka Full HD kwa megabiti 50, kila kitu kinapungua nusu. Simu nayo si tofauti. iPhone yenyewe inakuambia kwenye mipangilio yake kwamba dakika moja ya Full HD ya fremu 30 ni MB 60 hivi, na ya 4K ni 170, hapo ikiwa imebana kwa mfumo wake mpya.

Kuna na kadi zenyewe. Kadi iliyoandikwa U1 imehakikishiwa kuandika MB 10 kwa sekunde. 4K ya megabiti 100 inataka MB 12.5. Ukitumia kadi kama hiyo, kamera inaweza kukata katikati ya hotuba bila kukuomba ruhusa. Tafuta U3 au V30, ambazo zimehakikishiwa MB 30. Na kuna vikamera vya bei ya chini vilivyoandikwa 4K kwenye boksi ilhali macho yake ya ndani hayana vinukta hivyo. Vinachukua picha ndogo na kuinyoosha. Hapo umenunua faili kubwa, si picha kubwa.

Ukifika kwa uhariri, laptopu ya mtumba uliyoipata kwa kujinyima inaanza kupuliza kama jiko. Ukitaka kupakia wimbo wa dakika nne YouTube, kwa viwango wanavyopendekeza wenyewe, Full HD ni megabiti 8 kwa sekunde, kama MB 240. 4K ni megabiti 35 hadi 45, sawa na zaidi ya GB 1. Bando ni lako. Mtazamaji, naye akiwa anaokoa bando lake, ataitazama kwa 360 au 480.

Kuna watakaosema tunawarudisha vijana nyuma. Hapana. Tunasema pesa na bidii ziende mahali zinapoonekana. Kwanza, mwanga. Usiku, au ndani ya ukumbi wenye giza, kuongeza vinukta hakuongezi nuru. Unapata chengachenga kali zaidi tu. Taa moja ya ziada itakusaidia kuliko 4K. Pili, stima yetu ni ya hertzi 50, na taa nyingi za tyubu humetameta mara 100 kwa sekunde. Ukishuti fremu 30 kama kamera ilivyotoka dukani, utaona mistari inatembea juu ya nyuso za watu. Weka mfumo wa PAL, fremu 25, na shata 1/50. Ni bure, na inaonekana kwenye kila simu, hata ya skrini ndogo.

Tatu, sauti. Mtu atavumilia picha ya wastani, lakini hatavumilia mahubiri yanayosikika kama yanatoka ndani ya mtungi. Maikrofoni ndogo kwenye kola ya bwana harusi ina kazi kuliko milioni sita za vinukta vya ziada.

Na kama unadhani ulimwengu mkubwa unafikiri tofauti, kumbuka filamu ya Tangerine ya Mmarekani Sean Baker. Iliingia tamasha la Sundance mwaka wa 2015, na ilishutiwa kwa iPhone 5s, simu ambayo mwisho wake ni Full HD. Watu waliitazama kwenye skrini za sinema. Mwaka wa 2025 mtu huyo huyo alishinda Oscar kwa filamu nyingine, Anora. Hapa kwetu, Kalamashaka wa Dandora walipoanza kuonekana kwenye televisheni miaka ya 1990, matangazo yetu ya analogi yalikuwa na mistari 576 ya picha, na hali ilibaki hiyo hadi nchi ilipohamia dijitali mwaka wa 2015. Na Ethic wa Umoja walipolipua mitaa na Lamba Lolo mwaka wa 2018, hatukusikia mtu akiuliza ina pikseli ngapi. Watu waliona mtaa wao na vijana wao.

Je, 4K haina kazi? Ina kazi kubwa, na kijana anayejua kazi yake ndiye anayejua aitoe lini.

Ya kwanza ni pale unapofanya kazi peke yako na kamera moja. Mzee anahojiwa, umemchukua kuanzia magotini hadi kichwani kwa 4K. Ukija kutoa video ya Full HD, unaweza kukata ndani ya picha hiyo ukapata uso wake wa karibu bila kupoteza ukali, kana kwamba kulikuwa na kamera ya pili. Hapo 4K imekulipia msaidizi.

Ya pili ni pale anayelipa ameitaka kwa sababu inayoeleweka. Tangazo litakaloonyeshwa kwenye skrini kubwa ya barabarani au ukumbini, kazi ya kampuni ya utangazaji, filamu unayotarajia kuiuza nje. Netflix, kwa mfano, huweka masharti ya kamera halisi za 4K kwa filamu inazoagiza itengenezewe. Hata kwenye YouTube, video iliyopakiwa kwa 4K mara nyingi hubanwa kwa mfumo bora, kwa hivyo wimbo unaoutegemea ukupeleke mbali unaweza kustahili gharama hiyo. Laptopu ikilemewa, tengeneza nakala nyepesi za klipu, uhariri kwa hizo, kisha mwisho urudishe zile halisi. DaVinci Resolve inafanya hivyo bila kukudai shilingi.

Ya tatu ndiyo tunayoiona kubwa zaidi kwa vijana wa upande huu wa jiji. Ni kile ambacho hakitarudi.

Mitaa yetu ya zamani inaondoka. Nyumba za zamani za kaunti pale Pangani zilibomolewa, na maghorofa yakasimama mahali pake. Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba na Ziwani zimo kwenye mipango ya kaunti ya kujengwa upya. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 wenye nyumba za chini na uwanja wa nyasi katikati, umezungukwa na jiji linalopanda juu kila mwaka. Hatubishani hapa kama ujenzi huo ni mzuri au mbaya. Hiyo ni tahariri nyingine. Tunasema tu kwamba siku tingatinga likiingia, hakuna kurudia shuti.

Kuna shosho Maringo anayejua kila familia iliyopita kwenye ile laini ya nyumba. Kuna mzee Jericho anayekumbuka bendi zilizopiga na vilabu vya mpira vilivyozaliwa hapo. Ukimkalisha mmoja wao mlangoni pake dakika ishirini, kwa 4K, mwanga wa asubuhi, maikrofoni kwenye kola, gharama yake ni GB 15 tu. Miaka thelathini ijayo, skrini zitakuwa kubwa kuliko tulizo nazo, na mtu atataka kuona maandishi yaliyochorwa ukutani nyuma yake, picha iliyotundikwa, sura ya mtoto anayechungulia dirishani. Ukitaka ushahidi, weka leo kanda ya VHS ya harusi ya wazazi wako kwenye televisheni mpya, uone nyuso zilivyoyeyuka. Waliorekodi walitumia kilichokuwepo. Sisi tuna kikubwa zaidi mfukoni, halafu tunakimalizia kwenye viatu vya bibi harusi.

Si kwamba harusi haina thamani. Hata kwenye harusi kuna kisichorudi. Viapo, machozi ya baba akimtoa binti yake, nyanya akibariki: hayo shuti kwa 4K, na kadi safi. Wasimamizi wakicheza, magari, keki na foleni ya chakula: Full HD inatosha na kubaki. Kamera nyingi hukuruhusu kubadilisha kwa sekunde chache. Panga siku kabla haijaanza, kama kondakta anavyopanga chenji kabla ya gari kujaa.

Tuna maombi mawili. Kwa wateja: acheni kuuliza swali moja. Muulizeni kijana ana maikrofoni gani, ana kadi ngapi, ataweka nakala ngapi na kwa muda gani. Akisema 4K, muulizeni ni ya sehemu gani, na mkubali kuilipia zaidi, maana kadi na diski hazitolewi bure. Andikianeni makubaliano hata kama ni karatasi moja: nini kitashutiwa, video itatoka kwa ukubwa gani, itafika lini.

Kwa wanaowafunza vijana kazi za kidijitali, ukiwemo mpango wa serikali wa Ajira Digital na vyuo vya ufundi vilivyo mitaani: mafunzo ya video yasiishie kwenye kubonyeza na kukata. Hesabu ya kadi, utunzaji wa faili na kupanga bei zifundishwe kama somo. Kijana anayejua kwamba saa moja ya 4K ni GB 45 atajua pia atoze ngapi, na hatapiga magoti nyuma ya kiti kanisani akifuta klipu.

Nawe kijana mwenye bango pale steji, usiling'oe. Liongezee tu mstari mmoja chini ya ile 4K: sauti safi, nakala mbili, na tukio kubwa halitupiti. Mama wa bibi harusi atalisoma hilo, na hilo atalielewa.